Nani Ashike Ufunguo wa Kiwanja?

Kiwanja cha mtaa niliokulia, huku Ngamiani, Tanga, kimefungwa mara mbili. Mara ya kwanza kilifungwa na ugomvi: hakikuwa na uzio wala lango, lakini kwa miezi kadhaa hakuna mtu wa ng'ambo ya barabara aliyethubutu kukikanyaga. Mara ya pili kilifungwa kwa kufuli la chuma, lililonunuliwa kwa fedha za mradi uliokuja kutupatanisha. Naandika kuhusu hiyo mara ya pili, maana naona miji yetu inaweza kurudia kosa hilohilo mahali pengi, na kwa nia njema kabisa.

Nieleze kwanza kilivyokuwa. Aijuaye Ngamiani anajua kuwa barabara zetu zina namba, zimenyooka kama mistari ya daftari, na nyumba zimebanana bega kwa bega. Kwenye mpango kama huo, kila kipande cha uwazi kina kazi. Chetu kilikuwa na mti mmoja mkubwa wa mkungu na mchanga mtupu. Alfajiri watoto wa chuoni walikatisha na juzuu zao kifuani. Asubuhi mafundi baiskeli walitandaza magunia na spana chini ya mkungu. Tanga ni mji wa baiskeli, na fundi asiye na kivuli jua linamfukuza kabla ya saa nne. Alasiri ilikuwa mpira. Baada ya magharibi kina mama waliwasha majiko, zikatoka bajia, kachori na mihogo ya kukaanga. Baada ya isha waliingia wazee na bao lao, na muuza kahawa na dele lake na sahani ya kashata. Ratiba hiyo haikuandikwa popote, ila kila mtu alijua saa yake inaanza lini na inakwisha lini. Fundi alikunja gunia mpira ulipokaribia, na vijana nao waliondoka uwanjani moshi wa kwanza wa jiko ulipopanda.

Kisha ikaja fainali ya ndondo, yaani mpira wa mtaani, baina ya maskani mbili za vijana, moja ya upande huu na nyingine ya upande ule. Penalti ikabishaniwa, yakarushwa mawe, mchezo ukavuka muda wake ukaingia kwenye saa ya kina mama. Jiko likapinduliwa, mafuta ya moto yakamuunguza kijana mmoja mguu mzima. Polisi walikuja, watu wakalala ndani. Hakufa mtu, nashukuru. Lakini ndani ya miezi ile kulitokea misiba miwili, mmoja kila upande, na watu hawakuzikana. Msomaji wa pwani sina haja ya kumweleza uzito wake. Mahali ambapo jirani haendi kumzika jirani, ugomvi umeshavuka mpira.

Wazee walihangaika. Kikao kikakaliwa ofisi ya kata, kikaja cha pili barazani kwa mzee mmoja anayeheshimiwa pande zote, familia ya kijana aliyeungua ikasamehe, fatiha ikasomwa. Kazi hiyo ilifanywa vizuri na naiheshimu. Tatizo lilianza baadaye, ulipokuja mradi wa kukarabati kiwanja.

Nilihudhuria mkutano wa kututambulishia mradi. Viti vilikodiwa, turubai likafungwa, soda zikagawiwa, karatasi ya mahudhurio ikazunguka tukaandika majina na namba za simu. Ukutani pakabandikwa mchoro wa rangi: nyasi, njia za matofali ya pevingi, mabenchi ya zege, taa za sola, uzio wa kupendeza. Tukaulizwa kama tunapenda bustani. Nani angesema hapendi? Tukaulizwa kama tunataka taa, tukasema tunataka. Kijana mmoja aliponyanyua mkono aeleze kilichotokea siku ya fainali, alinyamazishwa kwa upole: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Watu wakapiga makofi. Mkutano ulimalizika kabla ya adhuhuri, na najua taarifa yake ilisema wananchi walishirikishwa, kwa sababu majina yetu yalikuwamo.

Uzio ulipokamilika ndipo tulipoona lango ni moja, na linafunguka upande mmoja wa barabara. Mchoraji hakuwa na ubaya na mtu. Alitazama ramani, akaona upande ule una nafasi nzuri ya gari la takataka kugeuza. Lakini kwa sisi tuliotoka kwenye ugomvi, lango hilo lilisomeka kama hukumu: wale wameshinda, ninyi mzunguke. Mchanga wa mpira ukawa nyasi zisizokanyagwa. Mafundi wakaambiwa bustani haina gereji. Majiko yakakatazwa kwa sababu ya masizi kwenye pevingi. Ufunguo akapewa mlinzi asiye mkazi wa mtaa, anayefungua saa mbili asubuhi na kufunga saa kumi na mbili jioni, yaani saa ileile ambayo kiwanja chetu kilikuwa kinaanza kupumua. Bi mkubwa mmoja, ambaye jiko lake ndilo lililopinduliwa, alisimama nje ya uzio akaniambia: "Mwanangu, wametuletea bustani, wametuchukulia uwanja." Tangu siku hiyo sijaisikia tathmini ya mradi iliyo fupi na kamili kuliko hiyo.

Nimelifikiria jambo hili muda mrefu, na nimefika mahali pa kusema hivi: ushirikishwaji wa wakazi katika kufufua eneo lao baada ya ugomvi usipimwe kwa idadi ya waliohudhuria mkutano. Upimwe kwa swali la nani anashika ufunguo kazi ikiisha. Ufunguo wenyewe, na pia mamlaka ya kusema saa hii ni ya nani, kilichoharibika kitatengenezwa na nani, na mkorofi ataitwa mbele ya nani. Mengine yote, mchoro, rangi, mabenchi, yanafuata hapo.

Angalia tulivyoulizwa. Tuliulizwa tunapenda nini. Hatukuulizwa tunafanya nini pale, na saa ngapi. Maswali hayo mawili yanafanana kwa sura lakini yanazaa viwanja viwili tofauti kabisa. Mtu akiulizwa anachopenda atataja alichokiona kwenye televisheni. Akiulizwa anachofanya atasema "nakaanga mihogo kuanzia saa moja usiku, na mteja wangu mkubwa ni wacheza bao", na hapo umeshajua mambo matatu: jiko linahitaji mahali pasipo na upepo, bao linahitaji mwanga, na viwili hivyo visitenganishwe kwa uzio. Ingetosha kumtuma mtu mmoja akae chini ya mkungu siku saba, toka alfajiri hadi usiku, na daftari. Angeandika ratiba ambayo sisi wenyewe hatukuwahi kuiandika. Na angegundua chanzo cha ugomvi kilikuwa wapi: kwenye ile nusu saa kabla ya magharibi, mpira unapogoma kwisha na majiko yameshaanza kuwaka.

Kwa hiyo ule ugomvi ulipaswa kukaa mezani, karibu kabisa na mchoro. Methali ya yaliyopita si ndwele ni tamu panapohitajika kusamehe. Panapohitajika kujenga, inakata mzizi. Kusamehe tulishasamehe barazani. Kilichobaki kilikuwa kuamua jiko liwekwe umbali gani na goli, na huwezi kuamua hilo bila kutaja mafuta yaliyomwagika. Kwenye mfumo wetu hapa pana ufa ambao sijaona ukizungumzwa vya kutosha. Ugomvi unasuluhishwa kwenye kata. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, baraza la kata hata kwenye mashauri ya ardhi limebaki na kazi ya kusuluhisha tu. Mchoro unachorwa halmashauri, kwenye idara nyingine, na mtaalamu ambaye huenda hajawahi kusikia kwamba watu wa barabara hizi hawakuzikana. Yaliyosemwa na wazee hayamfikii mhandisi. Hayamfikii kwa sababu hakuna karatasi wala mtu aliyepewa kazi ya kuyavusha kutoka ofisi moja kwenda nyingine. Naamini karatasi hiyo moja, yenye kurasa mbili tu za kile kilichogombewa na kile kilichokubaliwa, ingetuokolea uzio mzima.

Wengine wamepita njia hii wakiwa na majeraha makubwa kuliko yetu. Beirut, mji mkuu wa Lebanoni, una bustani kubwa ya misonobari iitwayo Horsh Beirut, iliyo mahali ambapo mitaa ya Wasuni, Washia na Wakristo inakutana. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu toka 1975 hadi 1990 viliiharibu, na miaka ya tisini ikapandwa upya kwa msaada kutoka Ufaransa. Ikapendeza. Kisha ikafungwa. Kwa miaka mingi raia wengi hawakuruhusiwa kuingia. Viongozi walihofia wataiharibu, na walihofia watu wa madhehebu tofauti wakikutana watapigana. Ilihitaji kampeni ndefu ya raia hadi malango yaanze kufunguliwa kwa umma mwaka 2015. Fikiri maana yake: kizazi kizima cha watoto waliozaliwa baada ya vita kilikua kikiitazama kupitia uzio bustani iliyopandwa kwa ajili ya amani yao, kwa sababu mwenye ufunguo aliamua hawajakomaa kukutana. Nikisoma habari za Horsh namwona bi mkubwa wa mtaani kwetu.

Belfast, Ireland ya Kaskazini, waligawa bustani yenyewe. Bustani ya Alexandra ilikatwa katikati kwa ukuta mwaka 1994, mwaka uleule mapigano yalipoanza kusitishwa, ili Wakatoliki na Waprotestanti wasirushiane mawe. Lango la kwanza kwenye ukuta huo lilifunguliwa Septemba 2011, tena kwa saa chache za mchana tu, baada ya mazungumzo marefu na wakazi wa pande zote mbili. Kuna watakaosema saa chache ni kidogo mno. Mimi naona walianza mahali sahihi: walijadiliana saa. Ukuta haukubomolewa kwa hotuba. Wakazi walikubaliana lango lifunguliwe lini na lifungwe lini, na hofu za kila upande zikawekwa ndani ya makubaliano hayo.

Karibu zaidi na sisi ni Nairobi. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100 nchini Kenya na kuwafukuza makwao mamia ya maelfu. Soko la Toi, pembeni mwa Kibera, liliteketea. Wafanyabiashara wake walikuwa na vikundi vya akiba vilivyounganishwa na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, tangu kabla ya ghasia, na wao wenyewe, watu wa makabila yaleyale yaliyokuwa yakiwindana mitaani, walikaa pamoja kugawana upya vizimba na kuanza kujenga. Ninachokiona hapo ni kwamba walikuwa na kitu cha kupoteza kwa pamoja. Akiba ilikuwa ndani ya daftari moja. Mpatanishi wa nje angekuja na viti na turubai. Wao walikuja na daftari.

Na Tanga yetu? Nakataa hoja kwamba watu wa mitaani hawajui kugawana. Mji huu umeishi kwa mashindano. Enzi za ngoma ya beni palikuwa na Marini na Arinoti, kila kundi na ngoma yake na sare zake, wakitambiana hadharani. Wazazi wetu waligawanyika kwa Black Star na Lucky Star katika taarabu, na sisi kwa Coastal Union na African Sports. Mwaka 1988 timu zote mbili zilitwaa ubingwa, Wagosi wa Kaya, yaani Coastal, wakichukua ligi ya Bara na Wana Kimanumanu, yaani African Sports, wakichukua ya Muungano, na zote ziliita nyumbani uwanja mmoja, Mkwakwani. Hakuna aliyejenga ukuta katikati ya Mkwakwani. Palikuwa na ratiba, na ratiba iliheshimiwa kwa sababu kila upande ulijua zamu yake itafika. Tunalo pia neno la kazi ya pamoja, msaragambo, ambalo watu wa mkoa huu wamelitumia kuchimba mifereji na kujenga madarasa. Msaragambo una kanuni yake: asiyekuja anajulikana, na aliyekuja ana haki ya kusema. Siku ya kujenga uzio wetu mkandarasi alileta vibarua kutoka mbali. Vijana wa maskani zote mbili walikaa kwenye matairi wakitazama.

Nijibu sasa hoja ya upande wa pili, maana ina nguvu. Maofisa husema uzio unalinda. Viwanja vya wazi katika miji yetu huvamiwa. Leo kibanda, kesho msingi wa nyumba, keshokutwa mtu ana barua mkononi. Nimeona hilo kwa macho yangu na silipuuzi. Lakini uzio uliofungwa huwaondoa walinzi ambao hulipi hata senti kuwaweka. Kiwanja chenye fundi asubuhi, watoto mchana na wazee usiku kina macho saa zote, na mvamizi wa kwanza ataonekana na mama wa mihogo kabla hajashusha tofali la pili. Kiandikwe kwenye ramani ya mipango miji kuwa eneo la umma, hilo ni la lazima, kisha kiachwe na watu ndani yake.

Hoja nyingine ni kwamba wakazi wakiachiwa, wenye sauti watawameza wasio na sauti. Hii inanigusa zaidi, kwa sababu ni kweli hata kwa kiwanja chetu cha zamani ambacho nimekisifia hapo juu. Ipitie tena ile ratiba. Alfajiri watoto, asubuhi mafundi, alasiri vijana wa mpira, jioni kina mama kazini, usiku wazee. Wasichana wa mtaa walikuwa na saa gani? Walikatisha tu, na ndoo kichwani au wametumwa dukani. Dada zangu hawakuwahi kukaa chini ya mkungu ule. Mtu wa kiti cha magurudumu naye asingeweza kusogea kwenye mchanga ule hatua tano. Kwa hiyo anayesema turudishe kiwanja kilivyokuwa, akiwamo mimi katika siku zangu za hasira, anaomba pia ile dhuluma ya kimyakimya irudi. Ugomvi ulipovunja ratiba ya zamani ulitupa nafasi ya kuipanga upya kwa haki zaidi, na mkutano wa mchoro wa rangi uliipoteza nafasi hiyo. Wasichana wanapaswa kuulizwa peke yao, na mwanamke wanayemwamini, saa wanayoweza kutoka nyumbani. Mkutano mkubwa wa chini ya turubai hautalitoa jibu hilo hata ukirudiwa mara kumi.

Sheria haituzuii. Katiba yetu, Ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo kwa madhumuni ya kupeleka madaraka kwa wananchi, na mtaa una mkutano wa wakazi na mwenyekiti aliyechaguliwa. Utaratibu wa ununuzi wa umma umetenga asilimia 30 kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Kwa nini kazi ya kufagia, kumwagilia na kulinda kiwanja isipewe kikundi kimoja chenye wajumbe kutoka pande zote mbili za barabara? Wakilipwa kwa pamoja, wakikosa malipo kwa pamoja, watakuwa na daftari moja kama wale wa Toi. Ningependa kuona halmashauri ikiweka sharti hilo kwenye kila eneo lililowahi kugombewa, na iliweke kabla mchoraji hajashika kalamu.

Kufuli letu lilikatwa kwa msumeno usiku mmoja. Ofisi ikakasirika, ikasemwa wananchi hawathamini maendeleo, likaletwa kufuli nene zaidi. Safari hii lakini kina mama hawakunyamaza. Wa upande huu na wa upande ule, wakiongozwa na yule bi mkubwa, walikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na pendekezo ambalo mimi na kalamu yangu nisingelifikiria: mnyororo mmoja wenye makufuli mawili yaliyopachikana, ufunguo mmoja ukae upande huu na wa pili upande ule, ili yeyote kati yao aweze kufungua na asiwepo anayeweza kumfungia mwenzake. Mwenyekiti alikubali. Siku hizi lango hufunguliwa hadi saa nne usiku, majiko mawili yamerudi kwenye kona isiyo na pevingi, na wasichana wameanza kucheza netiboli Jumamosi na Jumapili asubuhi, ingawa bado kuna wanaonung'unika. Mpira wa vijana haujapata mahali, na hilo linanitia hofu, kwa sababu ndiko moto ulikoanzia.

Ombi la lango la pili limeandikwa, limepokelewa, limegongwa mhuri, na bado tunasubiri. Upande ule wa uzio watoto wameshachimba mchanga chini ya waya na kufanya njia ya kupita kwa kutambaa, imelainika kwa magoti na matumbo yao. Mhandisi akija kupima, nitampeleka hapo.